Kocha Mzuri Ni Nani? Namba Saba Amenifanya Nijiulize

Jumamosi iliyopita nilimfokea mtoto wa miaka 12 mbele ya uwanja mzima. Jumatano hakuja mazoezini. Sijalala vizuri tangu hapo, na ndiyo maana wiki hii hamjaona video yoyote kutoka kwangu. Walioniuliza kama naumwa, ahsanteni, siumwi. Nina aibu tu.

Wengi wenu mnanijua kwa zile video za kuchambua mechi, nikiwa nimekaa kwa kiti cha plastiki nje ya nyumba yetu. Kile ambacho sijawahi kukisema sana ni kwamba kila Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi huwa nafunza watoto kandanda hapa Mikindani, Mombasa. Watoto 26, mipira minne, na mmoja kati ya hiyo minne tunaujaza upepo kabla ya mazoezi na tena katikati ya mazoezi. Silipwi. Nilianza miaka miwili iliyopita kwa sababu watoto walikuwa wanacheza barabarani, na kwetu huku malori ya makontena hayapungui mchana wala usiku. Nikawatafutia uwanja, nikanunua filimbi, nikajiita kocha. Ni rahisi hivyo. Hakuna aliyenisimamisha akaniuliza cheti, wala hakuna aliyeniuliza kama najua kukaa na watoto.

Sasa hiyo Jumamosi tulikuwa tunacheza na timu ya Chaani. Mechi ya kirafiki, hakuna kombe, hakuna hata soda ya mshindi. Bao moja kwa moja, dakika zinaisha. Winga wangu wa kulia anavaa jezi namba saba, kwa hivyo nitamwita Namba Saba, maana jina lake si la kuwekwa hapa. Alipata mpira, na mwenzake alikuwa peke yake katikati, upande wa kushoto, hana mtu. Hakumpa. Akajaribu kuzunguka na mpira, beki akampokonya, wakaenda wakafunga. Mimi huyo nikaingia mpaka ndani ya laini: "Wewe! Toka nje! Kama hutaki kupasi nenda nyumbani ukacheze kalongolongo na wasichana!"

(Timu yangu ina wasichana wanne. Walikuwa wamesimama pale pale pembeni. Mmoja wao anakaba kuliko mvulana yeyote niliye naye. Hilo nalo nimelifikiria wiki nzima.)

Watu walicheka. Wazazi, wauza maji, hata wachezaji wetu. Namba Saba hakulia. Alitoka taratibu, akavua jezi, akaikunja vizuri kabisa, mikono ndani, akaiweka juu ya mfuko wa mipira, akaenda zake. Ile kuikunja ndiyo inayonitesa. Mtoto mwenye hasira huitupa jezi chini. Huyu aliikunja kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

Na kuna kitu kilichonitisha zaidi. Ile sauti iliyotoka kinywani mwangu haikuwa yangu. Naijua ni ya nani, na nitawaambia.

Lakini kwanza, Jumatatu nilienda kwa kinyozi. Pale kwetu kwa kinyozi kila mtu ni kocha: anayenyoa, anayenyolewa, anayengoja zamu, na yule ambaye huja tu kuchaji simu. Nikatupa swali bila kusema kwa nini nauliza. Kocha mzuri ni nani?

"Anayeshinda," kinyozi akajibu bila hata kuzima mashine. "Ama wewe unatafuta kocha au unatafuta mkwe?"

Tukacheka. Jamaa mwingine akaleta Alex Ferguson, kama kawaida. Mataji 13 ya ligi akiwa na Manchester United, na kila mtu anajua alivyokuwa mkali. Mwaka wa 2003 alipiga kiatu teke chumba cha kubadilishia nguo, kikampata David Beckham juu ya jicho. "Na bado alishinda," jamaa akasema. "Sai nyinyi mnataka makocha wa kubembeleza."

Nilinyamaza pale, maana ndiyo kwanza wembe uko shingoni. Lakini nilipofika nyumbani nilifikiria. Watu hukumbuka kile kiatu, na kiatu kweli kilikuwepo. Ila Ferguson huyo huyo alifika Manchester mwaka wa 1986 na hakupata kombe lake la kwanza pale mpaka 1990. Ryan Giggs alipotimiza miaka 14, mzee alikwenda mwenyewe mpaka nyumbani kwao. Aliingia, akaongea na familia. Hiyo sehemu hakuna anayeiiga. Sisi makocha wa mtaani tunachukua kelele zake, tunaacha mwendo wake wa kwenda kubisha mlango wa mtu. Na tukumbuke pia aliyepata kile kiatu alikuwa mtu mzima, analipwa, ana mke, ana watu wa kumtetea. Namba Saba ana nani?

Yule wa kuchaji simu naye alikuwa na lake. Alisema kocha si lazima, maana Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa video za YouTube, na mwaka wa 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Kweli kabisa, na ni moja ya hadithi ninazozipenda zaidi katika michezo ya nchi hii. Lakini hata Yego baadaye alikwenda Ufini akafanye kazi na kocha. Video inakuonyesha mkono uwe wapi na mguu uende wapi. Haiwezi kukutazama usoni asubuhi moja ikajua kwamba jana hukulala.

Haya, turudi kwa ile sauti.

Shule ya upili niliyosoma ilikuwa na timu kali. Siitaji jina, na mwalimu aliyekuwa kocha wetu pia simtaji, kwa sababu sikuja hapa kumchafulia mtu jina. Alikuwa mtu wa vikombe. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na kabati la vioo limejaa, na vingi ni vya wakati wake. Na ujuzi alikuwa nao. Yeye ndiye alinifundisha kupokea mpira nikiwa nimegeuza bega nusu, ili mguso wa kwanza uniangalize mbele badala ya nyuma. Mpaka leo nafundisha watoto vile vile, neno kwa neno. Kwa hivyo mtu asinisome vibaya. Kandanda aliijua.

Nilikuwa kidato cha tatu, muhula wa pili, na tulikuwa tumefika fainali ya kaunti. Siku tatu kabla, mazoezini, goti la kulia lilinigeukia kidogo. Likavimba usiku. Asubuhi nikaenda kumwambia, "Mwalimu, goti linauma." Alilitazama kama mtu anayetazama gurudumu la gari la jirani. Akauliza, "Unaweza kutembea?" Nikasema naweza. Akasema, "Basi unaweza kukimbia. Wanaume hucheza."

Siku ya fainali nilipuliziwa dawa, nikafungwa bandeji, nikapewa tembe mbili za maumivu. Niwaambie ukweli ambao nimekaa nao miaka saba: hakunilazimisha kwa fimbo. Angeniuliza tena, ningemdanganya kwamba niko sawa. Kulikuwa na kijana wa kidato cha pili anaisubiri jezi yangu kama fisi anavyosubiri mkono wa binadamu udondoke. Nilijua nikisema tu "naumia", yule anaingia, na mimi sitarudi. Kwa hivyo nikanyamaza. Mwalimu naye alijua, na hakuuliza zaidi.

Dakika ya 34 hivi, nikijaribu kugeuka, nilisikia goti linafanya "tap!" kama mtu amevunja kijiti. Nilikaa pembeni kipindi chote cha pili na barafu niliyopewa na muuza juisi. Tulishinda. Ipo picha ya timu na kombe, na mimi simo, kwa sababu wakati wanapiga picha nilikuwa nimebebwa kupelekwa kwa gari. Daktari akasema kano moja ndani ya goti imekatika. Mama yangu anauza nguo za mitumba. Hesabu ya matibabu alivyoifanya, anajua yeye na Mungu wake.

Mwalimu hakuja hospitali. Hakupiga simu. Muhula uliofuata alinikuta koridoni, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Utarudi lini?" Nikamwambia daktari amesema ni miezi mingi. Akatikisa kichwa, akapita. Kijana wa kidato cha pili tayari alikuwa na jezi yangu. Na wala simlaumu yule kijana.

Nimekua, nimejaribu kumwelewa mwalimu. Alikuwa anafundisha darasani vipindi vyake vyote kisha anatukimbiza uwanjani jioni. Juu yake kulikuwa na watu waliotaka kombe, na hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kumwita mtu ofisini kumpongeza kwa magoti ya wanafunzi. Kabati la vioo halina nafasi ya magoti. Naelewa. Lakini kuelewa si sawa na kusema ilikuwa sawa.

Kocha wangu wa pili hamtamjua kamwe. Ni fundi wa kuchomelea, hutengeneza mageti na madirisha ya vyuma, na kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa na timu ya watoto hapa hapa karibu nasi. Hatukumwita jina. Tulimwita Kocha, na akiitwa mwingine hivyo tunashangaa. Macho yake huwa mekundu kwa sababu ya ule moto wa kazi, kwa hivyo mtoto mgeni humwogopa siku ya kwanza. Siku ya pili anamzoea.

Alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa 96, limechafuka mafuta. Mimi nilidhani ni la mbinu, mishale na miduara. Siku moja nilichungulia. Lilikuwa na majina yetu tu, na mbele ya kila jina: darasa, anaishi na nani, huwa anarudi na nani jioni, na vitu vidogo vidogo kama "kifua, asikimbie vumbi likiwa jingi" au "babake amesafiri". Kabla ya mazoezi alikuwa anapita kila mtoto na swali moja, "Umekula?" Akijibiwa hapana mara mbili mfululizo, huyo mtoto siku hiyo alipewa kazi ya kuokota mipira, na kabla hatujaondoka angemtuma dukani maziwa na mkate "wa Kocha", ambao Kocha mwenyewe hakuwa anaula.

Kuna fainali moja ya mtaa, mimi nikiwa na miaka 13, straika wetu alikuja na homa. Alikuwa anatetemeka lakini anaapa yuko sawa. Kocha akamgusa shingo, akamwambia keti. Watu wazima waliokuja kushangilia walimzonga karibu wampige, na wengine nadhani walikuwa wameweka pesa. Akawajibu, "Kombe liko hata mwaka ujao." Tukafungwa mbili bila. Straika aliketi karibu naye mechi nzima, amefunikwa koti la kazi la Kocha lenye matundu ya cheche. Mpaka leo huyo jamaa akipita pale karakana lazima asimame asalimie.

Sasa nilipoumia goti, miezi imepita, nikaenda kwake. Sikuwa mchezaji wake tena wala hakuwa ananidai chochote. Nilitaka aniambie nitapona na nitacheza ligi kuu, kama ambavyo kila mtu alikuwa ananiambia kwa huruma. Alizima mashine, akavua ile miwani nyeusi, akanitembeza hatua kumi kwenda na kumi kurudi, akanitazama. Kisha akasema, "Kijana wangu, nisikudanganye. Kwa goti hili, ligi kuu isahau. Utacheza na marafiki, utafurahi, lakini usiache shule kwa ajili ya mpira."

Nililia pale karakana mbele ya wateja. Alingoja nimalize. Halafu akaniambia, "Lakini una macho. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa unaona pasi kabla ya wenzako. Jumamosi njoo ukae karibu nami, uniambie unaona nini."

Nikaenda. Jumamosi hiyo na nyingine nyingi. Nilikuwa nakaa kwenye tofali kando yake, naongea mechi nzima: beki wao wa kushoto amechoka, kipa wao hatoki, mbona kiungo wetu anarudi nyuma sana. Yeye anasikiliza, mara nyingine anasema "hapana, tazama tena". Mwaka wa pili rafiki yangu akanirekodi kwa simu nikiongea. Hiyo ndiyo video ya kwanza kabisa mliyoiona. Kila shilingi niliyowahi kupata kwa kuongea kuhusu mpira ilianzia kwenye lile tofali.

Najua kuna mtu anasema, sawa, hiyo ni huruma ya mtaani, huko juu kwenye michezo ya kweli mambo ni mengine. Basi twende huko juu.

Mwaka wa 1976 mtawa mmoja kutoka Ireland, Brother Colm O'Connell, alikuja kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, Iten. Riadha hakuwa ameisomea. Alichofanya ni kutazama. Aliwatazama vijana wakikimbia, akawauliza, akajifunza kutoka kwao, miaka ikapita. Katika shule hiyo walipita Peter Rono, aliyeshinda mita 1500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, na Matthew Birir, aliyeshinda mbio za kuruka viunzi na maji kule Barcelona mwaka wa 1992. Baadaye akaja kijana mrefu anayekimbia mita 400, babake alikuwa amepata fedha ya Olimpiki mwaka wa 1968 kwenye mbio za kupokezana vijiti. Brother Colm akamtazama, akamwambia ajaribu mita 800. Tarehe 9 Agosti 2012, London, David Rudisha akaongoza kutoka mwanzo hadi mwisho, 1:40.91, rekodi ya dunia. Nimeitazama ile mbio mara nyingi kuliko video zangu mwenyewe. Lakini siku hizi nikiitazama namfikiria yule mzee wa jiografia, aliyekaa miongo mingi mji mmoja, akiangalia miguu ya watoto.

Halafu kuna Patrick Sang, aliyemaliza wa pili nyuma ya Birir kule Barcelona. Eliud Kipchoge alipokuwa kijana alimwendea amwombe programu ya mazoezi. Sang akampa ya wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, kijana akarudi kuomba nyingine. Ndivyo walivyoanza. Mwaka wa 2003 Kipchoge akawa bingwa wa dunia wa mita 5000, akiwa na miaka 18. Hiyo ni sehemu tamu. Sehemu ninayoipenda mimi ni ya 2012, alipokosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya kwenda London. Angekuwa na kocha wa vikombe tu, huo ndio ungekuwa mwisho wa mazungumzo. Mwaka uliofuata akahamia marathoni na Sang akiwa naye bado, na yaliyofuata mnayajua: dhahabu mbili za Olimpiki, na ile asubuhi ya tarehe 12 Oktoba 2019, Vienna, 1:59:40. Faith Kipyegon naye, ambaye alijifungua mwaka wa 2018 na wapo waliodhani mbio zimekwisha, yuko kwa Sang huyo huyo. Alishinda tena Olimpiki Tokyo, akashinda tena Paris.

Sisemi ukimnunulia mtoto maziwa atakuwa Kipchoge. Kocha wangu wa karakana hajatoa hata mchezaji mmoja wa ligi kuu, na pengine hatatoa. Ninachosema ni kwamba hawa wakubwa na yule fundi wana kitu kimoja ambacho mwalimu wangu wa vikombe hakuwa nacho. Mchezaji wao anaweza kuja kwao siku mbaya. Anaweza kusema nimeshindwa, naumia, nina mimba, nimekosa nafasi, na asipoteze mahali pake duniani kwa kusema hivyo. Ndiyo kipimo changu siku hizi. Nikitaka kumjua kocha simuulizi vikombe vingapi. Nauliza mchezaji wake wa mwisho, yule wa kukaa benchi, anaweza kumwambia nini?

Na wazazi mnaonisoma, hili lichukueni kwa uzito, hasa wenye mabinti. Kocha ndiye anashika jezi, nauli, nafasi kwenye gari, barua ya kwenda mashindano. Mtoto akiona vyote hivyo viko kwa mkono wa mtu mmoja, atavumilia mambo ambayo hangevumilia kwa mtu mwingine, na atanyamaza. Kocha anayetaka kuwa na mtoto faragha, anayemwambia "hii usimwambie mama", huyo hata awe na kabati zima la vikombe, mtoe mtoto wako leo. Usingoje msimu uishe.

Haya. Jana, Alhamisi, nilikwenda kwao Namba Saba.

Nilichukua ile jezi, nikaifua, nikaipiga pasi, jambo ambalo sijawahi kuifanyia hata shati langu. Anaishi na nyanyake, mama anayekaanga viazi karai pale nje ya ploti yao. Nilimkuta na karai mbele yake.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, baba. Ngapi?"

"Sikuja kununua, nyanya. Mimi ndiye kocha wa mjukuu wako."

Aligeuza viazi vyake vyote upande wa pili, kimoja kimoja, kabla ya kunijibu. "Kumbe ndiye wewe," akasema. "Yuko ndani. Mguu bado."

Mguu gani?

Namba Saba alitoka akiwa na ndala. Kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa. Ukucha umetoka. Njumu alizokuwa amevaa Jumamosi zilikuwa za binamu yake, zimembana, na kidole kilikuwa kimeanza kuuma tangu wiki iliyotangulia. Sasa nikaiona mechi upya. Ile pasi niliyokuwa naidai, ya kwenda katikati kushoto, ilitaka apige kwa mguu wa kushoto. Alikuwa anazunguka na mpira ili auweke kulia. Mimi mwenye macho, mimi wa "unaona nini", sikuona.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia unaumia?"

Akaangalia chini. Akasema polepole, "Ungenitoa."

Wallahi nilikosa la kusema. Miaka saba nimekuwa nikibeba hasira ya mwalimu mmoja, na mtoto huyu ananieleza mimi kwa maneno ambayo ningeweza kuyasema mimi mwenyewe nikiwa kidato cha tatu. Yule mwalimu angalau niliweza kwenda kumwambia goti linauma, hata kama hakujali. Kwangu mtoto hakuthubutu hata hivyo.

Nilimwomba msamaha pale, mbele ya nyanyake na mteja mmoja aliyekuja kuchukua viazi vya ishirini. Nikamwambia nitarudia kuomba mbele ya timu, kwa sababu nilimkosea mbele ya timu. Nikamwambia pia kwamba mtu akiumia kwetu anakaa nje mpaka apone, lakini jezi yake inabaki yake, hapewi mwingine. Alinisikiliza kwa adabu. Nikampa jezi. Hakuichukua mkononi. Aliniambia niiweke pale kwenye kiti.

Nikamuuliza kama atakuja Jumamosi. Akamtazama nyanyake. Nyanya akasema, "Akitaka atakuja. Mwache apone kwanza."

Niliaga. Nyanya akanifungia viazi kwenye gazeti na akakataa pesa, na nikajihisi vibaya zaidi. Njiani nilipita dukani nikanunua daftari la kurasa 96, halafu nikapita kule karakana. Mzee alikuwa juu ya ngazi anafunga geti la mtu. Nilimpigia kelele kutoka chini, nikamwambia mwenzako nimeharibu. Akashuka, tukakaa juu ya vyuma, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi. Hakunisema. Aliniuliza tu wale wengine 25 wanavaa njumu za nani.

Sikujua. Nilimtajia labda wanne.

Kesho ni Jumamosi, mazoezi saa tatu. Sitagawa mipira mpaka nimemuuliza kila mmoja. Na jezi namba saba hakuna atakayeivaa. Niliiacha kwao, juu ya kiti cha plastiki, karibu na karai.